Barua kwa Zuhura: bahari ndani ya safu

Tanga, Jumapili usiku

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi kutoka huku. Sote wazima, mvua tu ndiyo inatuchezea, leo ipo kesho haipo. Faili lako la JavaScript la kuchora mawimbi ya bahari nimelipata na nimelifungua. Bahari inacheza, hongera, ila kweli kuna kitu hakijakaa sawa: mawimbi yote yanakwenda kwa mwendo mmoja, kwa hiyo umbo lenyewe halibadiliki, linateleza tu upande kama kanga inayovutwa kwenye kamba. Na ule mstari wa maji uliotoweka kwenye picha ulipojaribu kutumia kitanzi (loop, msimbo unaojirudia), nimeuona ulikopotelea. Nitafika huko.

Kwanza mpangilio. Una kimo1, kimo2, kimo3, kisha urefu1 na wenzake, na ndani ya fanksheni ya kuchora kuna mistari mitatu ya sini iliyotofautiana namba tu. Ukitaka wimbi la nne, unanakili tena. Mimi ningeandika fanksheni moja inayopokea parameta za wimbi, yaani namba zake, na inachorudisha si namba bali fanksheni nyingine iliyokwisha kuzishika parameta hizo. Hizo zinazorudishwa ndizo zinazoingia kwenye safu (array, orodha ya vitu kwa mpangilio):

```
function wimbi(kimo, urefu, fezi) {
  const k = 2 * Math.PI / urefu;
  const w = Math.sqrt(9.81 * k);
  return (x, t) => kimo * Math.sin(k * x - w * t + fezi);
}

const bahari = [
  wimbi(0.6, 40, 0),
  wimbi(0.25, 17, 1.3),
  wimbi(0.08, 6, 4)
];

function uso(x, t) {
  let jumla = 0;
  for (const f of bahari) jumla += f(x, t);
  return jumla;
}
```

Vipimo ni mita na sekunde. Kimo ni kutoka usawa wa maji tulivu hadi kileleni, urefu ni kutoka kilele hadi kilele, fezi ni mahali wimbi linapoanzia, na 9.81 ni mvuto wa dunia. Anayechora anaita uso(x, t) basi, wala hajui ndani mna mawimbi mangapi. Ukiongeza la nne ni mstari mmoja kwenye safu. Ukitaka upepo utulie katikati ya mchezo, unatoa yale madogo na bahari inalainika pale pale.

Sasa tazama mstari wa w, yaani wepesi wa wimbi kupanda na kushuka, maana dawa ya bahari yako imo humo. Wewe ulikuwa unapanga mwendo kwa mkono. Kwenye maji ya kina kirefu wimbi halikuachii uchague: urefu wake ndio unaoamua mwendo wake. La mita 40 linakwenda karibu mita 7.9 kwa sekunde, la mita 6 karibu mita 3.1 tu. Marefu yanayapita mafupi, yanapanda juu yake, yanaachana, na uso wa maji hauwi vile vile tena. Jaribu tu hilo kabla hujagusa rangi wala mapovu. Mapovu yako ni mazuri, lakini yalikuwa yanaficha hesabu.

Kanuni hiyo inashika pale kina kinapozidi nusu ya urefu wa wimbi. Upande wa ndani wa mwamba wa matumbawe, kwenye maji yenu ya kina cha mita 2 hivi, wimbi refu halisikilizi tena urefu wake, linasikiliza kina: kipeuo cha pili cha 9.81 mara 2, yaani kama mita 4.4 kwa sekunde. Hapo andika fanksheni ya pili, uiite wimbiLaNdani, ipokee na kina, irudishe kitu cha sura ile ile ya (x, t). Kwa ajili hiyo ndiyo napenda kuweka fanksheni kwenye safu kuliko kuweka namba tupu: vitu viwili vyenye kanuni tofauti vinakaa pamoja, na kitanzi cha kujumlisha hakiulizi nani katoka wapi. Ungeweka namba, ungeanza kuandika "kama ni aina hii fanya hivi" ndani ya kuchora, na huko hakuna mwisho.

Mstari uliopotea sasa. Uliandika for (var i = 0; i < 3; i++), na ndani yake ukasukuma kwenye safu fanksheni inayosoma kimo[i]. Fanksheni haikuchukua nakala ya i, imeishika i yenyewe, na kwa var i ni moja tu kwa wote. Kitanzi kikiisha, i ni 3. Kuchora kunapoanza, zote tatu zinaomba kimo[3], ambayo haipo, jibu linakuwa NaN, yaani "si namba", na kanvasi ikipewa NaN kwenye lineTo, amri ya kuvuta mstari, inanyamaza tu, haichori wala hailalamiki. Ndiyo maana hukuona kosa lolote kwenye konsoli. Andika let badala ya var, iliyoingia kwenye JavaScript mwaka 2015, na kila mzunguko utapata i yake. Ukitumia wimbi(...) kama hapo juu, tatizo halizuki kabisa, kwa sababu namba zinapitishwa mkononi wakati fanksheni inazaliwa.

Ubaya wake nikwambie pia. Namba zikishafungiwa ndani, kile kitelezi chako cha kuongeza kimo hakizifikii. Basi ipitishie fanksheni kikapu cha parameta, tukiite p, kimoja kwa kila wimbi, na iwe inasoma p.kimo kila inapoitwa. Kimo ukikibadilisha hivyo hakuna shida. Urefu usiubadilishe wakati picha inakwenda: w nayo inabadilika, t imeshakuwa kubwa, na wimbi litaruka ghafla mahali pengine. Afadhali ulififishe wimbi la zamani kimo kifike sifuri huku jipya likipanda.

Kuhusu lile somo la bamvua unalotaka kuwafundisha watoto, hapo ndipo safu inapendeza zaidi. Kujaa na kupwa nako ni jumla ya mawimbi, ila vipindi vyake ni vya saa. Kubwa kuliko yote ni la mwezi, saa 12.42, na la jua ni saa 12 kamili. Hapo kwenu Mombasa la mwezi lina kimo cha takriban mita 1, na la jua karibu nusu yake. Weka hayo mawili tu kwenye safu nyingine, kwa kosini, kisha uharakishe saa. Utaona yanakutana na kuachana kila siku 14.8 hivi. Yakikutana, maji yanapanda na kushuka kwa mita 3: bamvua hilo, siku moja mbili baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Yakipingana inabaki mita 1, maji mafu. Hakuna mahali ulipoandika "bamvua" kwenye msimbo, linajitokeza lenyewe. Nataka uone sura za watoto hapo.

Na hili si jipya. Miaka ya 1870 Lord Kelvin alitengeneza mashine ya kutabiri maji: kila wimbi lilikuwa na gurudumu lake lenye mwendo wake, na uzi mmoja uliopita juu ya kapi zote ndio uliokuwa ukijumlisha. Ukitaka kuwaeleza watoto safu ni nini, nadhani picha ya mashine ile itakusaidia kuliko maneno yangu.

Safu hizo mbili usizichanganye, saa zake ni tofauti: ya mawimbi inataka sekunde halisi, kwa hiyo ile t inayokuja na requestAnimationFrame, amri ya kivinjari ya kuchora picha baada ya picha, uigawe kwa 1000 maana ni milisekunde, na ya maji uizidishe mpaka siku nzima ipite kwa sekunde chache. Simu ya watoto ikichoka, chora kila baada ya pikseli 4, jicho halitajua.

Fezi za Kilindini ukizipata kwenye jedwali la bandari nitumie na mimi, nataka kulinganisha na za Tanga. Nisalimie mama, na mwambie zile achari zimefika salama, chupa moja tu ndiyo ilivuja kidogo.

Wako,
Rukia