Vazi la kanga kwa mwanao

Brooklyn Park, Minnesota
Mwisho wa Septemba

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi, zikufikie wewe, baba watoto na watoto wote. Umeniuliza kitinda mimba wako umshonee nini cha Halloween, na kwamba yeye mwenyewe ameshikilia anataka kuwa ndege. Mfanye kanga, yule wa porini mwenye madoadoa. Madukani hutalikuta vazi lake, rangi zake ni chache, na doa likikaa upande hakuna atakayeligundua. Tena kanga ana mwili wa mviringo, na hilo litakufaa kuliko unavyofikiri.

Fikiria jioni yenyewe ilivyo huku kwetu. Watoto hutoka tarehe 31 Oktoba wakati wa magharibi, wamevaa mavazi ya kuigiza, wakipita nyumba hadi nyumba kuomba peremende. Siku hiyo jua la Minneapolis huzama yapata saa kumi na mbili, maana saa hazirudishwi nyuma mpaka Jumapili ya kwanza ya Novemba, kwa hiyo nusu ya mzunguko wao ni gizani. Na baridi unaijua. Mwaka 1991 theluji ilianza kuanguka siku hiyohiyo ya Halloween, haikukatika mpaka tarehe 3 Novemba, ikafikia inchi 28 hapa mjini. Ndiyo maana vazi jepesi la dukani huishia chini ya koti, mtoto analia kwa kuwa hakuna anayeona amekuwa nani. Wewe shona la kuvaliwa juu ya koti. Koti lenyewe ndilo litakalomnenepesha akawa kanga kweli.

Nenda duka la mitumba utafute hudi, ile sweta yenye kofia, nyeusi au ya kijivu iliyokolea, yenye zipu mbele, saizi mbili juu ya yake. Mtoto wa miaka minne anayevaa 4T, saizi ya huku ya watoto wadogo, mchukulie 6. Usichukue ya kuvalia kichwani, kwa sababu ukimfunga kwenye kiti cha gari itabidi umvue hudi na koti pia. Mikanda ile haikazi sawasawa juu ya nguo nene. Kukiwa na kamba shingoni, ivute uitoe yote. Hudi za watoto wadogo zenye kamba zimekatazwa kuuzwa hapa Marekani kwa kuwa kamba hunasa na kumkaba mtoto, lakini za zamani bado zimo kwenye mitumba. Chini mvalishe suruali yake ya kawaida ya kijivu. Vazi la kipande kimoja tangu shingo hadi miguu ni taabu tupu mtoto anapobanwa na haja.

Vitambaa ni viwili. Flisi nyeusi, kile kitambaa laini chenye vinyweleo, nusu yadi, hiyo ni ya kukatia mabawa, kwani haichambuki nyuzi na haitaki pindo. Halafu felti ya kijivu, kile kitambaa cha nyuzi zilizoshindiliwa, nusu yadi, ile pana ya inchi 72, kwa manyoya. Soma lebo ya felti kabla ya kulipa. Ya akriliki hushika moto upesi, ya poliesta si rahisi hivyo, na usiku huo barazani kwa watu kuna maboga yenye mishumaa ndani. Ongeza vipande vidogo vya felti ya samawati, nyekundu na kahawia, rangi nyeupe ya nguo, na utepe unaoakisi mwanga, ule wa kubandika kwa pasi.

Bawa lipime juu ya mkono wa hudi wakati mtoto ameivaa na koti ndani. Ukimpima bila koti utakosea, maana koti hula sentimita kadhaa za urefu wa mkono. Pima kutoka mshono wa bega hadi mkono wa nguo unapoishia, kisha toa sentimita 3, bawa lisifike kiganjani: mkono uwe huru kushika reli ya ngazi na kubeba mkoba wa peremende. Kwa saizi 6 utabaki na kama sentimita 36. Upande wa ubavuni kina kiwe 25, upande wa kiganja 10, ukingo wa chini ukate kwa mviringo. Bawa lisiteremke chini ya nyonga. Likipita hapo atalikalia, atalikanyaga akipanda ngazi, na mshono wa kwanza kuachia utakuwa ule wa kwapani.

Sasa manyoya, na hapa ndipo watu wanapochoka wakaacha kazi njiani. Usikate unyoya mmoja mmoja. Kata kanda za felti zenye upana wa sentimita 8, urefu kama wa bawa. Kwenye ukingo mmoja wa ukanda laza kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono, uchore nusu duara moja baada ya nyingine, kisha fuata mstari kwa mkasi. Ukanda mmoja unakupa manyoya sita kwa mara moja. Kila bawa linataka kanda tano, na katika nusu yadi ile zitabaki za kutosha mgongoni.

Tia madoa kabla ya kushona. Chukua penseli yenye kifutio nyuma, chovya kifutio kwenye rangi nyeupe, gusa kwanza kwenye gazeti upunguze, halafu gusa felti. Ukiruka hatua ya gazeti, doa la kwanza litavimba na kumwagikia jirani yake. Yapange kwa safu, safu ya pili iingie kwenye nafasi za ya kwanza, kama alivyo kanga mwenyewe. Yaache yakauke siku nzima yakiwa yamelala. Usiitie rangi flisi: hukaa juu ya vinyweleo vyake, na ikikauka inamenyuka. Kwenye hudi yenyewe ingiza kwanza kadibodi ndani, ama sivyo rangi itapenya na kugandisha mbele na nyuma.

Sehemu ninayoipenda mimi ni huu utepe unaoakisi. Toboa viduara kwa panchi ya ofisini, vitatoka karibu sawa na doa la kifutio, uvichanganye na yale meupe mgongoni na mikononi. Tanguliza kitambaa cha pamba juu yake kabla ya pasi, na pasi iwe ya joto la chini, maana poliesta huyeyuka. Mchana hutavitofautisha. Taa za gari zikimpiga usiku, mgongo mzima unawaka.

Kushona anza na ukanda wa chini kabisa, piga mshono kwenye ukingo wa juu tu ili manyoya yabaki yananing'inia. Ukanda wa pili ukae sentimita 5 juu yake, ufunike mshono. Refusha mshono wa cherehani ufike milimita 4. Mifupi hutoboatoboa felti mpaka ikachanika mstarini. Bawa likikamilika lishikize kwa sindano nyuma ya mkono wa hudi, kuanzia begani. Wengi watakushauri gundi ya moto, ya vijiti. Mimi siipendi kwa vazi la huku: kwenye baridi inakakamaa, mtoto akikunja mkono inabanduka, na ukiitia nguo kwenye mashine ya kukaushia inalainika tena.

Kichwa ni kofia ya hudi. Zungushia uso ukanda wa samawati wa sentimita 4, shona matone mawili mekundu yaning'inie mashavuni, na juu pembe ya kahawia ya kimo cha sentimita 7, iliyojazwa pamba ya mito. Pembe hulala chali ikishonwa kwenye kofia peke yake. Weka duara la felti la sentimita 10 ndani ya kofia, sindano ipite vyote viwili. Na iweke utosini kabisa, si karibu na paji la uso, kwani uzito wake huivuta kofia ikafunika macho. Mdomo wa ndege uwe mfupi, ukae kwenye ukingo wa kofia juu ya paji. Barakoa usinunue. Mtoto wa umri huo haoni pembeni akiivaa, na baada ya nyumba mbili ataivua akupe uibebe. Macho ya kanga kata ya felti; vifungo hung'oka, na kinywa cha mtoto hakiko mbali.

Siku tatu nne kabla, mvalishe vyote pamoja na koti na viatu. Apande ngazi na kushuka, ainame aokote kitu, ageuze shingo huku na huku, aende msalani. Kofia ikibaki nyuma anapogeuka, ipunguze kwa kukunja pande mbili nyuma ya masikio na kushona hapo hapo.

Pembe nitakukatia mimi, felti ya kahawia ninayo. Nitumie tu kipimo cha kofia ukishapata hudi.

Nisalimie mama ukimpigia.

Wako akupendaye,
Shoga yako