Simu zikiongezeka, fungu la kila moja linapungua

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Watu wanasema eti simu zikipasiana data zenyewe bila mnara, kila mpya ikiingia mtandao unazidi nguvu kwa wote, sio kweli jamani. Watafiti wa mitandao isiyo na waya, Gupta na Kumar, walishapiga hesabu mwaka 2000: hata zikipangwa vizuri kabisa, simu zikiongezeka kuwa mara 100 ya zilizokuwepo, kila moja inabaki na kama sehemu ya 10 ya spidi yake, maana muda mwingi inabeba data za wenzake na ikirusha data, simu za jirani lazima zinyamaze. Vifaa vikiwa vinatembea inawezekana kupata nafuu, ila data inachelewa mno. Wanaotuahidi mitandao hii waseme wazi inafaa zaidi kwa mawasiliano ya karibu karibu.