Formula 1 na ahadi yake ya kijani

Mhariri,

Formula 1 iliahidi Novemba 2019 kufikia sifuri halisi ya hewa ukaa ifikapo 2030, na sasa inavumisha mafuta mapya ya kuendeshea magari ya mbio. Lakini hesabu yao wenyewe ya 2018 ilionyesha takribani tani 256,000 za hewa ukaa kwa mwaka, na injini za magari zilichangia asilimia 0.7 tu! Kusafirisha magari, matairi na vifaa kwa ndege, meli na malori kulikula asilimia 45. Safari za wafanyakazi karibu 28. Safari za mashabiki hazikuhesabiwa.

Kalenda ndiyo ya kurekebishwa: mbio za ukanda mmoja zifuatane, mizigo mizito itangulie kwa meli. Udhamini wa Aramco, kampuni ya mafuta, ulitangazwa Machi 2020, miezi minne tu baada ya ahadi.

Mfuatiliaji wa mbio,
Nairobi