Usigonge sahani

Singida, Jumapili jioni

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo hapa, bibi yako naye hajambo ingawa goti linamsumbua tangu baridi ianze. Barua hii anakuletea mama mdogo, anapita huko kwa shughuli zake. Ningepiga simu kwa patroni, lakini ukiongea na mimi pale ofisini wanasikia watu watatu, na haya si ya watu watatu.

Nimesikia. Lile kundi la wazazi kwenye WhatsApp halijalala tangu Jumatano. Mara mkuu wa shule kahamishwa, mara mwalimu wa fizikia naye kaondoka, mara yule mpishi mzee kastaafu, mara kidato cha nne wamegoma kuingia prepo. Mzazi mmoja kaandika kwamba asubuhi yake mlisimama mstarini mkaanza kuimba mwalimu wa zamu akiwa bado anasoma matangazo. Mimi nataka kujua kitu kimoja: wewe ulikuwa wapi? Usinijibu "tulikuwa wote". Nakuuliza wewe.

Usigome, mwanangu.

Najua mmeumia. Mkuu kaondoka katikati ya muhula bila kuwaaga, mkapashwa habari mstarini kama mnatangaziwa ndoo iliyopotea. Si vizuri. Mtu aliyekaa na watoto miaka yote ile angepewa hata nusu saa ya kuagana nao. Lakini barua ya uhamisho ikija inataja siku ya kuripoti, haiulizi kama mahafali yamekaribia, na mkuu mpya naye kaletwa kwa barua kama hiyo hiyo. Na mpishi hajafukuzwa, waambie hao wanaosema kafukuzwa. Serikalini ukitimiza miaka 60 unastaafu, hata kama kande lako ndilo tamu kuliko yote.

Ila nasikia mwalimu wa fizikia mnamwita msaliti. Hapo nimekasirika, kama na wewe umo. Siku ya wazazi mwaka jana nilizungumza naye pale kwenye mwembe karibu na maabara, chaki imemjaa mpaka kwenye viwiko. Mkewe ni muuguzi mkoa mwingine, na alikuwa anahangaika mwaka wa nne huo kutafuta mwalimu wa kubadilishana naye. Si kazi ndogo. Umpate mtu aliye kule unakotaka kwenda, awe anataka kuja huku unakotoka, tena awe wa somo lako, halafu wakubwa wa pande zote mbili wakubali. Walimu wa fizikia wenyewe wangapi nchi hii? Sasa kampata. Maana yake huyo mwenzake yuko njiani anakuja kwenu, fizikia haijafa. Na ana watoto yule. Baba akikaa mbali miaka, siku akirudi mtoto anamwamkia "shikamoo mjomba". Wewe hukumbuki, ulikuwa na miaka mitatu. Mama yako anakumbuka. Basi mwacheni aende kwake.

Aliniambia pia kwamba unauliza maswali mpaka kengele inamkuta bado yuko ubaoni. Sikukwambia wakati ule, niliogopa utavimba kichwa. Vimba sasa, kidogo, maana fizikia ya moko umepata B. Ile D ya kemia sijaelewa nimwambie nani. Mwalimu wa kemia hajahama.

Narudi pale pale. Kuna mzazi anawatetea kundini, eti hata wanafunzi wa Chuo Kikuu waligoma enzi za Mwalimu. Kweli, Oktoba 1966 waliandamana pale Dar es Salaam kupinga masharti ya kwenda JKT. Lakini hadithi aimalize: Mwalimu aliwarudisha makwao karibu 400, na mshahara wake mwenyewe akaukata kwa asilimia 20. Wengi walikuja kurudishwa chuoni baadaye, kwa sababu nchi ilikuwa changa, wasomi wa kuhesabu, iliwahitaji. Wa sekondari nani anamhitaji? Sisi barua ya kurudi tuliisubiri mvua zikaanza, zikaisha.

Yalikuwa maharage. Yalikuwa na wadudu kweli, hilo silikatai mpaka leo. Mtu mmoja akaanza kugonga sahani ya bati kwa kijiko, polepole, utani tu, kumchekesha aliyekaa mbele yake. Meza ikapokea. Halafu bwalo zima. Hapakuwa na kikao wala mpango. Muda si mrefu sufuria limepinduliwa na kioo cha ofisi ya walimu kimepasuka. Bodi ilipokaa haikuuliza nani kapasua kioo. Iliuliza nani aligonga wa kwanza, na hilo walilijua watu zaidi ya mia mbili.

Ile habari kwamba niliacha shule kwa kukosa ada, babu yako alikuwa na ada. Alikuwa ameshauza ng'ombe wawili. Tuyaache hayo.

Wewe ni kiranja wa bweni. Mwanafunzi wa kawaida akigoma anaandikwa kwenye orodha, kiranja akigoma orodha inaanza na yeye. Wenzako wakikataa prepo, ingia, hata ukikaa peke yako na mbu. Watakuita kibaraka. Novemba si mbali, mtihani ukianza hakuna atakayekumbuka nani alikuwa kibaraka, watakuwa wanaazima kalamu. Na kama kweli mnataka kumuaga mkuu wenu, kaka mkuu aandike barua ya adabu, muombe aalikwe kwenye mahafali. Mwandiko wako ni mzuri, msaidie.

Hayo mahafali nayo nasikia yamesogezwa wiki mbili, na ile jioni ya muziki imefutwa. Isiwaume sana. Desemba kuna harusi ya mama mdogo, utacheza mpaka miguu ikuombe msamaha. Nitakuja mimi safari hii, nimeshamwambia mama yako. Mwezi wa tatu mlipoita wazazi gari liliharibika, ni kweli, lakini mabasi yalikuwepo. Hizo ofisi za wakuu wa shule huwa zinanikaba koo. Nitakuja. Wewe ufanye tu nisije kabla ya siku yenyewe.

Mama mdogo ana viatu vyako, namba 42, nimekisia. Visipokutosha usimpe mtu, virudishe nibadilishe dukani. Ndani ya kiatu cha kulia kuna shilingi 20,000, toa mchango wa mahafali kwanza na upewe risiti. Kufuli la tranka nimenunua lingine, funguo mbili, moja inabaki kwangu kwa sababu nakujua. Alizeti tumeshavuna, gunia tano tumekamua, nyingine tunangoja bei ipande, ingawa mama yako anasema nimengoja hivyo hivyo mwaka jana nikauza kwa hasara. Mbuzi yule mwekundu kazaa mapacha, mmoja mdogo wako ameshampa jina lako kwa sababu anapiga kelele usiku. Bati la jikoni bado linavuja pale pale, nakusubiri wewe upande, mimi mgongo hautaki.

Nijibu kabla mama mdogo hajaondoka Jumatano. Mistari miwili inatosha: ulikuwa wapi, na viatu vimekaaje. Mafuta yaliyo kwenye dumu la lita tano yahamishie kwenye chupa zako siku hiyo hiyo, dumu ulioshe umpe arudi nalo. Ni la jirani, na mama yako ameshaulizwa mara mbili.

Baba yako