Barua ya malalamiko: Hema la dhoruba lisilotaka dhoruba

Katibu,
Kikundi cha wapanda milima,
Mwanza.

Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

YAH: KUKATAA KWENU KUTURUDISHIA FEDHA ZA MAHEMA MAWILI YA MLIMANI

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni katibu wa kikundi kidogo cha wapanda milima hapa Mwanza, wengi wetu walimu na wauguzi. Mwezi Machi tulinunua kwenu mahema mawili ya watu watatu kwa jumla ya shilingi 1,300,000. Risiti ya EFD nimeiambatanisha. Kwenye boksi mmeandika kuwa ni mahema ya misimu minne, fito zake ni za alumini, na yanahimili dhoruba na theluji. Nilimpigia simu kijana wenu wa mauzo nikamweleza kuwa tunakwenda Kilimanjaro kwa njia ya Machame. Akanijibu, “Mama, hilo hata kambi ya Barafu linasimama, nyie laleni tu.”

Mwezi Mei hema la kwanza lilivunjika usiku, na halikuwa limefika hata Moshi. Lilivunjikia Luchelele, ufuoni mwa ziwa. Nilipodai fedha zetu, kijana yuleyule akaniandikia: “Pole mama, dhamana haihusu uharibifu wa upepo mkali.”

Kwa hiyo mnauza hema la dhoruba, na dhoruba ikilivunja mnasema dhoruba haimo kwenye dhamana. Sasa dhamana hiyo inahusu nini? Jua la asubuhi?

Mmedai pia kwamba tulilisimamisha mahali pasipofaa. Kikundi chetu kina utaratibu wa kujaribu kila kifaa nyumbani kabla ya kukipandisha mlimani, na kwa hema hakuna mahali pa kulijaribu kama ufuo wa ziwa msimu wa mvua. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, pepo zikatoka pande zote za ufuo na kukutana ziwani, na huko ndiko radi na mvua huzaliwa. Wavuvi wa dagaa wanaokesha na taa zao wanaujua upepo huo vizuri, na sisi tunaokaa ufuoni tunaupata ukiwa umepungua nguvu. Usiku ule mabati ya jirani hayakung'oka, wala mwembe haukuanguka. Ulikuwa upepo wa kawaida wa Mei, wa kuwafanya watu wafunge madirisha.

Sasa nieleze kilichovunjika, maana picha nilizowatumia WhatsApp hakuna aliyezijibu.

Fito zimekatika sehemu tatu. Alumini ikizidiwa hupinda, na ukiwa na kipande cha bomba la kuungia unainyoosha, unalivisha lile bomba penye jeraha, unaendelea na safari. Hizi zenu zimechanuka nyuzinyuzi kama muwa uliotafunwa, na nyuzi zenyewe zinachoma vidole. Nilikwangua ile rangi ya fedha kwa wembe, na chini yake ni faiba ya kawaida, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa plastiki, ile ya mahema ya kulala bustanini. Kwenye baridi kali faiba huwa rahisi zaidi kukatika. Hili si suala la mtazamo, Ndugu Meneja. Mmeandika alumini, na ndani si alumini.

Hata zingekuwa za alumini, ziko mbili tu, zimepishana mara moja juu kabisa. Hema la mlimani kwa kawaida lina fito tatu, nne au zaidi zinazopishana sehemu kadhaa, ili upepo ukilisukuma ubavu mmoja mzigo ugawanyike kwenye kiunzi kizima. Hapo ndipo hema la dhoruba linapotofautiana na hema la kiangazi. Unene wa kitambaa peke yake hausaidii kitu, na wala tofauti si joto, maana hema la mlimani huongeza joto kidogo tu. Joto analipata mtu kwenye begi lake la kulalia.

Kamba za kukazia nazo zimeshonwa kwenye kitambaa tu, hazishiki ufito mahali popote. Upepo ulipovuta, kitambaa kikachanika kuanzia kwenye kitanzi. Hapa Mwanza tunaishi juu ya mawe, tunajua maana ya kupiga kigingi kikagoma. Kambi ya Barafu nayo ni mawe matupu. Kule unafunga kamba kwenye jiwe, na hema linalotegemea vigingi vinne vya pembeni halina maisha. Tulitarajia vitanzi vingi, vilivyoshikana na fito, na hivi havipo.

Kuhusu maji nilikwenda kwa mtu anayeyajua. Pale Mwaloni, Kirumba, kuna mzee anayeshona matanga ya mitumbwi. Nilimpelekea turubai la nje bila kumwambia lilitoka wapi wala tulilinunua bei gani. Aliugeuza mshono mara moja akasema, “Binti, huu mshono wa gauni.” Akanionyesha mshono wake yeye: kingo mbili zimekunjwa moja ndani ya nyingine kisha zikapigwa mistari miwili ya uzi, hivyo nguvu inabebwa na kitambaa chenyewe na si uzi peke yake. Wa kwenu una mstari mmoja. Utepe wa kuziba matundu ya sindano umebandikwa juu tu, na kwenye kona, ambako maji hukusanyika, haupo kabisa.

Boksi linajivunia milimita 3,000 za kuzuia maji. Kipimo hicho kinamaanisha kwamba kitambaa kinaweza kubeba nguzo ya maji yenye kimo cha mita tatu kabla hakijaanza kuvuja. Sawa, lakini ni kipimo cha kitambaa, si cha mshono. Kama mshono unavuja, ile 3,000 ni pambo la boksi.

Halafu kuna jambo la kunata. Tulipolifungua hema kwa mara ya kwanza, upande wa ndani wa turubai ulinata mikononi na kunuka vibaya. Tabaka la polyurethane linalopakwa kuzuia maji huoza polepole kwenye joto na unyevu, likaanza kunata, kisha kubanduka magamba. Hilo halitokei kwa wiki mbili tatu. Naamini mzigo huu ulikaa muda mrefu kwenye ghala lenye joto kabla haujapewa boksi jipya. Kama nimekosea, nionyesheni tarehe ya kutengenezwa, maana kwenye lebo pamebandikwa karatasi nyingine juu yake.

Mengine nayapitia haraka. Hema la ndani ni wavu mtupu karibu nusu nzima, na turubai la nje linaishia juu ya ardhi kiasi cha shubiri. Usiku ule mchanga wa ufuoni uliingia mpaka kwenye vikombe. Kule Kilimanjaro lingeingia vumbi la uwanda wa Shira, na theluji ikipeperushwa ingepita palepale. Tundu la hewa juu ya paa halipo, na mtu anayechemsha chai kwenye baraza la hema anahitaji hewa ipite, la sivyo hewa ya sumu itokayo kwenye jiko inaweza kumuua.

Kijana wenu alinishauri mwishoni, “Mama, Tanzania hakuna theluji, hilo linatosha kwa matumizi ya kawaida.” Mwambieni Kibo, kile kilele cha Kilimanjaro chenye theluji, iko Tanzania. Njia ya Marangu ina vibanda vya kulala. Machame haina, hema ndilo nyumba yako. Kambi ya Barafu iko juu ya mita 4,600. Watu hulala hapo saa chache, wakaamka karibu na usiku wa manane kuanza kupanda kuelekea Uhuru, mita 5,895, na usiku joto hushuka chini ya sifuri. Fito zikatike pale saa nne usiku, mvua ya barafu inapiga, watu watatu wameloa. Hapo hatungekuwa tunaandikiana barua za dhamana. Na pembeni yetu wangekuwapo wapagazi ambao hawakuchagua hema hilo.

Tunadai yafuatayo. Kwanza, mturudishie shilingi 1,300,000 zote, za mahema yote mawili, kwa sababu la pili halijavunjika lakini ni la aina ileile na tumekagua fito zake. Hatutaki kubadilishiwa kwa jingine la namna hiyohiyo. Kama mnalo lenye fito za alumini halisi zinazopishana sehemu nyingi, turubai linalofika chini, mishono iliyozibwa mpaka kwenye kona na hema la ndani la kitambaa, leteni Mwanza tulisimamishe pamoja ufuoni, kisha tuzungumze. Pili, mwondoe maneno “alumini” na “dhoruba” kwenye tangazo, na muwapigie simu wote walionunua mzigo huu kabla hawajapanda mlima wowote, uwe Meru au Kilimanjaro.

Tunasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Likikosekana tutalipeleka suala hili Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa, na tutafungua madai kwa Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, kwa kuwa tuliwaeleza matumizi yetu kabla ya kulipa na mazungumzo hayo ninayo.

Mahema yote mawili yapo kwangu, pamoja na vipande vya fito. Mkiyataka, tumeni mtu wenu aje ayachukue kwa gharama zenu. Kwenye basi la mizigo siyapeleki.

Wenu,

Katibu wa kikundi

Viambatanisho: nakala ya risiti ya EFD, picha za fito, mishono na lebo, nakala ya mazungumzo ya WhatsApp.

Nakala: Mwenyekiti na Mweka Hazina wa kikundi.