Mwanangu, gemu bado haijatoka

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Huku sote tu wazima. Juzi uliponiuliza kwenye simu kama gemu tunayoitengeneza imeshatoka nilikujibu "bado kidogo" na mtandao ukakatika. Wacha nikueleze vizuri, maana najua ulishawatangazia wenzako chuoni kwamba inatoka Septemba.

Ilikuwa itoke kweli. Tarehe tulishapanga, hadi bango limeshachorwa. Mara tarehe 21 Agosti Team Cherry, wale jamaa wa Adelaide, Australia, wakatangaza kwamba Hollow Knight: Silksong itatoka Septemba 4. Notisi ya wiki mbili! Na gemu yenyewe watu walikuwa wakiisubiri tangu 2019. Studio ndogondogo kadhaa zikasogeza tarehe zao hapo hapo zisije zikafunikwa, nasi tukiwamo. Kinachonichekesha ni kwamba waliotutimua sokoni si kampuni kubwa. Ni studio ya watu wachache kama sisi, ila Hollow Knight ya kwanza, ile ya 2017, iliuza vizuri kiasi cha kuwaruhusu wafanye kazi miaka yote hiyo bila haraka. Subira yetu sisi ina kikomo, na kikomo chenyewe kiko benki.

Basi tukapata wiki za ziada. Utadhani tumeongeza hatua mpya, au lile zimwi la maji ulilolipigia kelele. Wapi! Tumeshinda tukitengeneza kuruka.

Iko hivi. Mtu anamkimbiza mhusika mpaka ukingoni mwa jabali, anabonyeza kitufe cha kuruka, anatumbukia shimoni. Anaapa alibonyeza kwa wakati. Tukiirudisha rekodi fremu kwa fremu, yaani picha moja moja, tunaona amechelewa, miguu ilishaachana na jabali. Kompyuta haijakosea, lakini mwenye kukasirika na kuzima gemu ni mchezaji. Kwa hiyo tunamwongezea muda kimyakimya: akishapita ukingo, bado anaruhusiwa kuruka kwa sehemu ya kumi ya sekunde, yaani fremu 6 kwa gemu inayokwenda fremu 60 kwa sekunde. Gemu ya Celeste ya 2018 inatumia muda huo huo, na walioitengeneza waliuweka hadharani msimbo (maandishi ya programu) wa mhusika wao, anayetaka akausome. Sisi tulianza na fremu 3, malalamiko yakaendelea. Tukaweka 10, mhusika akawa anatembea hewani. Mchoraji wetu alipoona miguu aliyoihangaikia inakanyaga hewa alisusa hadi jioni. Tumetulia kwenye 6. Bado kuna upande wa pili: mtu akibonyeza mapema, miguu haijagusa chini, gemu inatakiwa ikumbuke na imrushe mara inapogusa. Hakuna mchezaji atakayeyajua haya yote. Ukimuuliza atakwambia tu kwamba gemu inatii mkono.

Fundi wa sauti naye yumo. Wiki hii nzima anabinyabinya mfuko wa wanga mbele ya maikrofoni, ndiyo nyayo za kwenye theluji hizo. Ofisi nzima ina vumbi jeupe.

Uliuliza pia habari za hela. Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, wanachukua asilimia 30 ya mauzo. Ada ya kuingiza gemu ni dola 100, na hurudishwa mauzo yakifika dola 1,000. Hiyo hainikoseshi usingizi. Kinachonikosesha ni urefu. Mnunuzi ana ruhusa ya kudai pesa zake ndani ya siku 14 ikiwa amecheza chini ya saa 2. Kanuni nzuri, hata mimi nimeshaitumia. Lakini gemu yetu mtu mwepesi wa vidole anaimaliza kwa saa moja na nusu. Mwenzetu mmoja akashauri tuirefushe, tuweke mapango ya kuzungukazunguka tu hadi saa zitimie. Nimekataa. Mtu wa kumaliza gemu, akaifurahia, kisha akadai pesa zake, pango halitambadilisha. Na yule ambaye angebaki nasi tutakuwa tumemchosha bure. Wawili wako upande wangu, mmoja bado ananuna.

Tarehe mpya sikuandikii, nakujua mdomo wako.

Nakutumia toleo la jana. Usilicheze wewe, umeshalizoea mno. Mpe mwenzako wa chumbani, yule asiyependa gemu, kisha kaa nyuma yake ufunge mdomo. Akipotea mwache apotee, hata kama mlango uko mbele ya pua yake. Uniandikie alikwama wapi, alisogeza kiti karibu na skrini wapi, na kama alilalamika kuhusu kuruka. Akilalamika, niletee maneno yake kama yalivyo, matusi yakiwemo.

Mama yako