Yule kaka wa pikapu na ndoo za maji, asante sana

Jamani jina lako silijui, siku ile nilikuwa nimevurugwa hata kuuliza nikasahau. Ilikuwa hapa Asheville, North Carolina, baada ya kimbunga Helene, mwisho wa Septemba 2024. Ndugu zangu kule Tanga mpaka leo wananiuliza we si unakaa milimani, kimbunga cha baharini kilikufikiaje, basi mi nawaambia mvua haijui ramani. Mto French Broad ulifurika, mabomba makubwa ya maji yakasombwa, umeme hakuna, netiweki hakuna, na mi niko ghorofa ya tatu na mama mkwe anayetembelea mkongojo, choo siku ya nne hakijamwagiwa maji (samahani kwa wanaokula).

Ndo ukagonga mlango. Hukutaka kitambulisho wala fomu, uliuliza tu, ya choo au ya kunywa? Ukapandisha ndoo sita ngazi zote zile, ukasisitiza haya ya kijito ni ya choo tu, ya kunywa ni yale ya chupa. Ukawa unarudi kila baada ya siku mbili na wenzako wa mtaani, watu wa kawaida tu. Maji ya bomba kuruhusiwa kunywewa ilikuwa tarehe 18 Novemba, hebu hesabu mwenyewe.

Mama mkwe bado anakuombea dua, anakuita "mwanangu wa ndoo". Na moja ya bluu uliiacha kwetu kaka, njoo uichukue, chapati zipo.